Maswali ya Wasomaji: Kusaka Nyumba Ughaibuni Kabla Hujafika

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa vijana waliokwisha kupata nafasi ya chuo nje ya nchi na sasa wanahangaika kutafuta pa kulala. Tumezifupisha na kuondoa majina.

Shikamooni. Nimepata chuo Ujerumani, masomo yanaanza Oktoba. Nimeona mtandaoni chumba chenye jiko lake, samani zote zimo, na kodi yake ni nafuu kuliko vyote nilivyoviona. Mwenye nyumba anasema ni mhandisi na amehamishiwa kazi nchi nyingine, kwa hiyo hana wa kuionyesha. Nikilipa amana na kodi ya mwezi wa kwanza, atanitumia funguo kwa kampuni ya vifurushi. Nisipoipenda nyumba, atanirudishia fedha. Amenitumia na picha ya pasipoti yake bila kumwomba. Nimwamini?

Marahaba. Usimtumie hata senti moja.

Hadithi hiyo inazunguka mitandaoni miaka mingi sasa, kinachobadilika ni kazi ya msimuliaji tu: mara mhandisi, mara daktari, mara mjane aliyehamia kwa binti yake. Itazame vizuri uone kila kipande kimewekwa kwa sababu gani. Kuhamia nchi nyingine kunaeleza kwa nini hutaingia ndani ya nyumba. Kodi nafuu inakutia hofu ya kuwahiwa na mwingine. Funguo za kwenye kifurushi zinayafanya malipo yatangulie. Ahadi ya kurudishiwa inakutuliza roho. Na pasipoti, mara nyingi, ni ya mtu aliyelizwa kabla yako, ambaye naye aliambiwa aitume "kwa ajili ya mkataba". Mtu mwenye akili zake hamgawii mgeni pasipoti ambayo hajaombwa.

Kwa tangazo lolote, jiulize mambo matatu, na usiyachanganye. Je, nyumba ipo kweli? Je, huyu anayezungumza nami ana haki ya kuipangisha? Je, mambo yakiharibika, fedha yangu inaweza kurudi? Matapeli wamebobea katika kujibu swali la kwanza. Watakupa picha, ramani, video, hata jina la kituo cha basi kilicho jirani. Ukipewa vingi hivyo unahisi umekwisha kuhakikisha, kumbe swali la pili na la tatu hayajaguswa.

Tuanze na picha, kwa kuwa ndizo ulizonazo mkononi. Zipakie moja moja kwenye Google Lens au TinEye, mitambo inayotafuta picha hiyohiyo ilikotokea mtandaoni. Usiridhike na picha ya sebule. Jaribu ya bafu na ya jikoni, maana hizo watu husahau kuzibadilisha. Isipopatikana, igeuze kushoto kulia kama kwenye kioo kisha uitafute tena, kwa sababu matapeli huzigeuza makusudi ili mitambo isizitambue. Chukua pia sentensi moja nzima ya tangazo, iwekee alama za kunukuu, uitafute. Tangazo lilelile likitokea katika miji miwili tofauti, shauri limekwisha.

Kisha kuza picha na utazame soketi za umeme ukutani. Ujerumani soketi ni kikombe cha mviringo kilichozama, chenye matundu mawili na vibanio viwili vya chuma pembeni. Ufaransa kikombe ni hichohicho, lakini ndani kinachomoza kijiti kimoja cha chuma. Uingereza kuna matundu matatu ya mstatili, na mara nyingi swichi iko hapohapo. Marekani na Kanada ni mipasuo miwili ya wima, na chini yake tundu dogo. "Nyumba ya Ujerumani" yenye soketi za Marekani haiko Ujerumani, hata kama maelezo yake yamepambwa vipi. Tazama pia madirisha: umbo lake, vitasa vyake na kinachoonekana nje havipaswi kubadilika kutoka picha moja hadi nyingine ya chumba hichohicho.

Mwisho, omba anwani kamili na uifungue kwenye Google Street View, yaani picha za barabarani za ramani ya Google. Hesabu ghorofa. Tangazo linasema ghorofa ya nne na jengo lina mbili? Funga mazungumzo. Angalia tarehe ya picha ya barabarani pembeni ya skrini kabla ya kuhukumu, kwani jengo laweza kuwa limejengwa baadaye.

Mimi nimeonyeshwa nyumba kwa simu ya video, na mwenyewe alikuwa ndani anatembea chumba kwa chumba. Nimetumiwa na mkataba. Bado kuna hatari?

Ipo. Simu ya video inajibu lile swali la kwanza tu. Tapeli mwenye mtaji hukodi nyumba halisi kwa siku mbili tatu kupitia tovuti za wageni wa likizo, akakaa humo akiwaonyesha watu kumi kwa zamu, na wote kumi wakalipa amana ya nyumba moja. Siku ya kuhamia wanakutana mlangoni na mabegi.

Video hata hivyo ina faida ukiiongoza wewe. Mwombe aanzie barabarani, aonyeshe kibao cha mtaa na namba ya nyumba, aingie bila kukata simu, afungue mlango kwa funguo zake, aonyeshe jina lililoandikwa kwenye kengele au sanduku la barua. Halafu omba kitu ambacho hakukitarajia: fungua bomba la bafuni, fungua dirisha la chumba cha kulala, onyesha mita ya umeme. Video iliyorekodiwa zamani haiwezi kutii. Akisema kamera imeharibika lakini benki yake inafanya kazi, umepata jibu.

Sasa haki ya kupangisha. Hapa kila nchi ina mlango wake, na wanafunzi wengi hawaujui ingawa uko wazi:

England na Wales, daftari la ardhi la HM Land Registry linauza nakala ya taarifa za umiliki kwa pauni 7, na jina la mmiliki limo. Ingia kupitia gov.uk yenyewe, kuna tovuti za pembeni zinazouza taarifa hiyohiyo kwa bei kubwa zaidi. Scotland ina orodha ya wazi ya wenye nyumba waliosajiliwa, kuitazama ni bure, na tangazo la nyumba ya kupangisha linatakiwa lionyeshe namba ya usajili. Uholanzi, ofisi ya Kadaster hutoa jina la mmiliki kwa ada ndogo. Marekani, kaunti nyingi zimeweka kumbukumbu za majengo mtandaoni bila malipo. Tafuta jina la kaunti na neno "assessor".

Ujerumani ni tofauti: daftari la ardhi halifunguliwi kwa kila mtu, lazima uwe na sababu inayokubalika kisheria. Lakini huko kuna kipimo kingine kizuri. Ukihamia unatakiwa ujisajili serikalini ndani ya wiki mbili, na kwa hilo unahitaji fomu iitwayo *Wohnungsgeberbestätigung*, iliyosainiwa na anayekupa nyumba. Muulize mapema, kwa maandishi: "Utanisainia?" Tapeli atapiga chenga. Na anayesema "kukaa unaweza, ila kujisajili kwa anwani hii huwezi" mwepuke hata kama si tapeli, kwa sababu bila usajili huo utakwama kwenye kibali cha ukaaji na mambo mengine mengi.

Jina ulilolipata lilingane na jina la kwenye mkataba, na la kwenye mkataba lilingane na la kwenye akaunti ya benki. Kama anayekupangisha naye ni mpangaji, anayekuachia chumba kwa muhula mmoja tu, omba vitu viwili: mkataba wake mwenyewe na idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Kama ni wakala au dalali, usimpigie kwa namba iliyo kwenye tangazo. Tafuta tovuti ya kampuni mwenyewe, piga namba ya ofisini, uliza kama huyo mtu ni wao na kama nyumba hiyo wanaipangisha.

Kuhusu mkataba uliotumiwa, karatasi yenye mihuri si ushahidi wa chochote. Soma kama una namba ya chumba au ghorofa na si mtaa tu, anwani ya mwenye nyumba, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kodi, gharama za maji na umeme, na kiasi cha amana pamoja na masharti ya kuirudisha. Amana nayo katika nchi nyingi ina ukomo wa kisheria, na anayeomba zaidi ya hapo ama hajui sheria ama anakutega. Ujerumani haizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za ziada, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi, la kwanza likianza na upangaji wenyewe. England haizidi kodi ya wiki tano kwa nyumba ambayo kodi yake ya mwaka haifiki pauni 50,000, fedha ya kushikia nyumba haizidi kodi ya wiki moja, na amana lazima iwekwe kwenye mfuko unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Uholanzi, kwa mikataba iliyoanza tangu Julai 2023, ni miezi miwili. Ufaransa ni mwezi mmoja kwa nyumba tupu na miwili kwa yenye samani. Ontario, Kanada, mwenye nyumba anaweza kuchukua kodi ya mwezi wa mwisho tu. Amana ya "uharibifu" hairuhusiwi.

Mwenye nyumba amesema kwa usalama wetu sote tupitie Airbnb, akanitumia linki kwa barua pepe. Ukurasa ni wenyewe kabisa, una nembo na picha yake. Huo si usalama wa kutosha?

Linki aliyokutumia ndiyo mtego wenyewe. Tovuti za kweli za namna hiyo hupokea malipo ndani ya tovuti au programu yao tu, kwa kuweka nafasi ya kawaida. Hazikutumii ankara ya benki, wala hazishiki amana ya mkataba wa mwaka kwa niaba ya watu wawili waliokutana kwingine.

Jifunze kusoma anwani ya tovuti. Tazama kilichopo kati ya "https://" na mkwaju (/) wa kwanza unaofuata, kisha kisome kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa mfano, *jinamaarufu.com.malipo-salama.net/chumba* si mali ya jinamaarufu.com. Mwenye ukurasa huo ni malipo-salama.net, na maneno yaliyotangulia amejiandikia tu. Vivyo hivyo *jinamaarufu-kodi.com* ni tovuti nyingine kabisa. Alama ya kufuli haikuambii kuwa mwenyewe ni mwaminifu. Inasema tu kwamba mawasiliano yamefungwa njiani, na tapeli naye huipata bure.

Njia fupi: ifunge hiyo linki, fungua programu mwenyewe, andika mji na tarehe, uitafute nyumba humo. Isipokuwepo, haipo.

Mwanangu anakwenda kusoma Kanada. Mwenye nyumba hataki tumlipe sasa. Anachotaka ni tutume kodi ya miezi miwili kwa Western Union kutoka kwangu kwenda kwa mwanangu, jina letu wenyewe pande zote mbili, halafu tumpigie picha risiti ili ajue fedha tunayo. Naona hapo hakuna hatari, maana mpokeaji ni mwanangu. Nimekosea?

Mzazi wetu, ahsante kwa kuuliza kabla ya kwenda dirishani. Hatari ipo, na ni kubwa.

Risiti hiyo ina jina la mtumaji, jina la mpokeaji, kiasi, na namba ya tarakimu 10 ya muamala, iitwayo MTCN. Kumpigia picha risiti ni kumkabidhi ufunguo. Tapeli anatengeneza kitambulisho bandia chenye jina la mwanao, anakwenda kwa wakala mbali na hapo, anataja namba, anachukua. Utakapomwambia mwanao akapokee, ataambiwa zimekwisha kuchukuliwa. Wengine hukuambia ufute namba kwa wino na uache jina tu, kisha wanarudi na kisingizio cha kutaka kuiona yote. Usianze hata hatua ya kwanza.

Mwenye nyumba ana haki ya kujua kama kodi italipwa. Mpe barua ya udhamini au ya ufadhili wa masomo, au barua ya benki, na ufunike namba ya akaunti. Hiyo inatosha.

Na kwa kuwa umegusa njia za malipo: Western Union na MoneyGram zimetengenezwa kwa watu wanaofahamiana. Fedha ikishapokelewa, imekwenda. Kadi za zawadi na sarafu za kidijitali ni vivyo hivyo, na hakuna mwenye nyumba wa haki anayedai kodi kwa kadi ya zawadi. Kadi ya benki, hasa ya mkopo, ndiyo njia yenye mlango wa kurudi, kwa sababu unaweza kupinga malipo kupitia benki yako. Malipo ya benki kwa benki yako katikati, na hapo tazama herufi mbili za mwanzo za IBAN, yaani namba ya akaunti ya kimataifa: DE ni Ujerumani, FR Ufaransa, NL Uholanzi, ES Hispania. Nyumba iko Uholanzi na akaunti ni ya Hispania kwa jina la mtu wa tatu? Simama hapo. Ikilingana bado si kibali cha kulipa, kwa kuwa matapeli hutumia akaunti za watu waliowanunua au kuwadanganya.

Kuna jambo moja linalowaumiza zaidi wanaolipa kutoka mbali. Tangu Oktoba 2025 benki za nchi zinazotumia yuro zinatakiwa kulinganisha jina uliloandika na jina la mwenye akaunti kabla hujathibitisha malipo, na benki nyingi za Uingereza zilikuwa na utaratibu wao kabla ya hapo. Lakini fedha inayotoka nje ya mifumo hiyo kwa SWIFT, mtandao wa benki wa kimataifa, kwa kawaida haipiti kwenye kipimo hicho. Unaweza kuandika jina la mwenye nyumba, namba ikawa ya mtu mwingine kabisa, na malipo yakapita.

Ameniomba pasipoti, barua ya chuo na taarifa za benki za miezi mitatu kabla hata ya kunionyesha nyumba. Nitume?

Hapana, bado. Kabla ya kuiona nyumba, jina lako, chuo na tarehe unayotaka kuhamia vinatosha. Nyaraka huja mnapofika kwenye mkataba na ukishajua unazungumza na nani.

Wakati huo ukifika, pasipoti usiitume ikiwa wazi. Chini ya ukurasa wenye picha kuna mistari miwili ya herufi, namba na alama za <, kila mmoja una nafasi 44. Humo mna jina lako, namba ya pasipoti, uraia, tarehe ya kuzaliwa na siku ya kuisha kwa pasipoti. Ifunike yote miwili. Funika na namba ya pasipoti iliyo juu. Kisha andika kwa ulalo, juu ya picha yenyewe: "Nakala kwa ajili ya maombi ya kupanga," anwani ya nyumba na tarehe. Ifanye nyeusi na nyeupe. Ukitumia simu, funika kwa kisanduku cheusi kisichopitisha mwanga, piga skrinshoti ya matokeo, na utume skrinshoti. Usitumie brashi ya kalamu ya rangi, maana mara nyingi ukiongeza mwangaza wa picha maandishi ya chini huonekana tena.

Ubalozi unataka anwani, bweni la chuo limejaa, na siku zimebaki chache. Nifanyeje?

Presha ya namna hii ndiyo inayowaingiza watu mjini, na matapeli wanaijua kalenda ya vyuo kuliko wanafunzi wenyewe. Itenganishe: pa kufikia ni suala moja, pa kuishi mwaka mzima ni lingine. Soma masharti ya ubalozi wako neno kwa neno uone kama wanakubali malazi ya muda. Kama wanakubali, weka nafasi ya wiki mbili hadi nne kwenye hosteli au nyumba ya wageni ambayo unaweza kuighairi bila kupoteza fedha, fika mapema, utafute nyumba kwa miguu yako. Uliza pia kama anwani hiyo ya muda inafaa kwa usajili, kwa nchi zenye usajili.

Waandikie ofisi ya makazi ya chuo leo hata kama wamekwambia pamejaa. Watu hujitoa hadi wiki ya mwisho. Ujerumani mabweni mengi yako chini ya Studierendenwerk, Ufaransa chini ya Crous, na huko waliotangulia kuomba ndio wenye nafuu. Anwani ya tovuti zao ichukue kutoka kwenye ukurasa wa chuo chenyewe, kwani yapo mabweni ya kubuni pia. Makundi ya WhatsApp na Telegram ya wanafunzi yatakusaidia kupata mtu wa kukuonea nyumba, lakini anayekupa namba ya mwenye nyumba kundini si shahidi. Laweza kuwa kundi la tapeli mwenyewe, na hao wanaoshukuru ni yeye kwa namba tofauti.

Nimekwisha kulipa, na sasa hapokei simu. Ni siku ya pili.

Pole sana. Mpigie simu benki sasa hivi, kabla ya kumaliza kusoma jibu hili. Sema wazi kwamba ni utapeli na unataka malipo yarudishwe, na uwape namba ya kumbukumbu ya muamala. Fedha ikiwa haijaingia kwenye akaunti ya mpokeaji, inaweza kuzuiwa. Ikishaingia, kwa kawaida benki ya huko inahitaji ridhaa ya mpokeaji au agizo la vyombo vya sheria, ndiyo maana saa chache zina uzito. Kama ulitumia Western Union au MoneyGram, piga kitengo chao cha utapeli. Muamala ambao haujapokelewa unaweza kufutwa.

Usifute mazungumzo, na usimtukane. Piga skrinshoti za tangazo likiwa na anwani yake ya tovuti, namba za simu, barua pepe, namba ya akaunti na risiti. Ripoti polisi wa nyumbani na wa nchi ilipo nyumba: Marekani kuna IC3, kituo cha FBI cha malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni, Kanada kuna Canadian Anti-Fraud Centre, Ujerumani majimbo yana kituo cha polisi cha mtandaoni kiitwacho Onlinewache. Ripoti na kwenye tovuti iliyobeba tangazo ili lishushwe. Kama ulituma pasipoti, waambie mamlaka iliyoitoa na uulize kama ibadilishwe.

Ndani ya wiki chache huenda akakutafuta "wakili" au "mtaalamu wa mtandao" anayesema ameziona fedha zako na anaomba ada kidogo azikomboe. Huyo ni tapeli yuleyule, au amenunua namba yako kutoka kwake. Usimjibu, namba yake iongeze kwenye faili ulilowapa polisi.